Ndiyo ya Heshima Si Kibali

Mwaka 1976 Jaji William Forster wa Mahakama Kuu ya Eneo la Kaskazini, Australia, alikataa kupokea maelezo ambayo polisi walikuwa wameyachukua kutoka kwa washtakiwa Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Kisha akaandika miongozo ambayo wanasheria wa huko wanaiita mpaka leo Kanuni za Anunga, kwa jina la mmoja wa washtakiwa. Nyingi ni za kiutu tu: mkalimani awepo, mhojiwa awe na mtu anayemwamini kando yake, apewe chai, asihojiwe akiwa mgonjwa au amelewa. Ila ipo moja iliyonikaa kichwani. Polisi akishamweleza mtuhumiwa kwamba halazimiki kujibu, haitoshi kumwuliza "umeelewa?" Anapaswa kumwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe, kipande kwa kipande, ameambiwa nini.

Forster alikuwa ameliona jambo ambalo yeyote aliyewahi kukaa na wazee analijua. Mzee Mwaborijini wa sehemu za ndani ya nchi, akiulizwa na mwenye mamlaka, mara nyingi hujibu "ndiyo" kwa adabu, au ili maswali yaishe, au kwa kuwa kumkatalia mgeni usoni ni kumvunjia heshima. Ndiyo hiyo haina uhusiano wowote na kilichoulizwa. Wala si ngeni kwetu. Ni ile "haya bwana" na "sawa mkuu" wanayopewa watu wa wizarani wakija kijijini na makabrasha yao. Gari likishatimua vumbi ndipo watu wanapoulizana: hivi yule alikuwa anasema nini?

Hoja yangu ni hii. Mtu mmoja anayetuhumiwa kosa ana kinga hiyo tangu 1976, walau katika Eneo la Kaskazini. Ukoo mzima unaotakiwa kuridhia pango lao lilipuliwe kwa baruti hauna. Sheria za urithi za Australia zimejaa neno "mashauriano", lakini ni nadra kumkuta anayedai wenyeji waeleze, kwa lugha yao, wanadhani wamekubali nini.

Chukua Australia Magharibi, jimbo la migodi ya chuma. Sheria yake ya Urithi wa Waaborijini ni ya 1972. Kifungu chake cha 18 kilimruhusu mwenye ardhi au mgodi kuomba idhini ya kuharibu eneo la kale. Kamati ilishauri, waziri akaamua. Mwombaji asiporidhika na uamuzi alikuwa na pa kukata rufaa. Mwaborijini asiporidhika hakuwa na pa kwenda. Sheria yenye jina lake haikumpa hata kiti cha kuketi mlangoni.

Matokeo yake yalionekana mapema. Mwaka 1980, huko Noonkanbah katika eneo la Kimberley, jamii ya Yungngora ilipinga kampuni ya mafuta kuchimba kisima kwenye ardhi inayohusiana na kenge mkuu wa simulizi zao. Serikali ya jimbo chini ya Charles Court ilipeleka msafara wa malori ukisindikizwa na polisi, kisima kikachimbwa kwa nguvu. Mafuta hayakupatikana. Wazee wale walizungumza sana, kwa Kiwalmajarri, kwa Kinyikina na kwa Kiingereza chao, na ujumbe wa Waaborijini ukafika hadi Umoja wa Mataifa kule Geneva. Walisikika vizuri tu. Hawakusikilizwa.

Halafu ikaja Juukan. Tarehe 24 Mei 2020 kampuni ya Rio Tinto ililipua mapango mawili ya miamba katika eneo la Pilbara, mahali penye ushahidi wa binadamu kuishi kwa miaka ipatayo 46,000. Kibali kilitoka 2013. Mwaka mmoja baadaye wataalamu wa mambo ya kale walichimba humo na kutoa vitu zaidi ya 7,000, ukiwemo mkanda wa nywele za watu zilizosukwa miaka 4,000 iliyopita, ambao vinasaba vyake viliwahusisha wasusi wake na watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura wanaoishi leo. Korongo lenyewe lina jina la babu yao. Lakini sheria ya 1972 haikuwa na mlango wa kurudi nyuma na kusema: subirini, tumepata habari mpya. Wenyeji waligundua kwamba baruti imeshapangwa pale walipoomba ruhusa ya kupatembelea kwa ajili ya sherehe zao za Julai. Siku chache baadaye hapakuwa na pa kutembelea.

Hapa msomaji makini ataniwahi. Watu wa Puutu Kunti Kurrama na Pinikura wanajua Kiingereza. Walikuwa na wanasheria na wataalamu wa mambo ya kale. Mkalimani angewaokoa na nini?

Ni pingamizi la haki, na ndiyo maana sizungumzii mkalimani peke yake. Uchunguzi wa bunge la Australia ulielezwa kwamba kampuni ilikuwa na njia nne za kupanua mgodi ule. Tatu zingeyaacha mapango salama. Wenyeji hawakuambiwa habari za zile tatu. Njia ya nne ilichaguliwa kwa sababu ilifikia tani milioni 8 za chuma bora, zenye thamani ya dola za Australia zipatazo milioni 135. Sasa weka kanuni ya Forster mezani: kabla ya saini, wenyeji waeleze kwa maneno yao wenyewe wanachagua nini kati ya nini. Wangeeleza njia moja. Ofisa yeyote mwenye faili mbele yake angeuliza, na zile tatu ziko wapi? Kumtaka mtu arudie alichoelewa kunafichua pia alichofichwa.

Wakubwa watatu wa kampuni, akiwemo mtendaji mkuu Jean-Sébastien Jacques, walipoteza kazi. Mapango hayarudi.

Sasa nirudi kwenye lugha, kwa sababu ndiko mambo yanakonoga na ndiko serikali huwa hazitaki kwenda. Kiswahili chenyewe kinanipa mfano. Sisi tunasema "urithi". Neno hilo linamtaka marehemu: mtu afe ndipo mwingine arithi. Kiingereza nacho, kinapoandika sheria ya namna hii, kinaona mabaki, yaani vitu vilivyoachwa na watu waliopita, vya kupimwa umri, kupigwa picha na kuwekwa kwenye kabati la makumbusho. Mzee wa Pilbara au Kimberley hazungumzii mabaki. Anapotumia neno la Kiingereza linalomaanisha nchi, katika Kiingereza cha Waaborijini neno hilo limebeba ardhi, maji, wanyama, sheria, na jamaa waliokufa na ambao hawajazaliwa. Nchi humjua mtu, huweza kuugua, na anayeikaribia huisemesha. Wazungu wa mwisho wa karne ya 19 walipolikuta neno la Waarrernte wa Australia ya Kati linalotaja mambo hayo, wakalifasiri kwa neno lao la ndoto. Kosa hilo la kufasiri limedumu zaidi ya miaka 120. Nani atazuia mgodi kwa ajili ya ndoto?

Au chukua kitenzi kimoja cha Kipitjantjatjara, "kulini". Kina maana ya kusikia, kusikiliza, kufikiri, kuelewa na kuamua, vyote kwa pamoja. Mswahili anapaswa kukipenda, maana "kusikia" kwetu nako ni kupana: tunasikia sauti, tunasikia baridi, na asiyesikia la mkuu tunajua kinachompata mguu wake. Ofisa akimwuliza mzee kwa Kiingereza kama amesikia maelezo, jibu linahusu sikio. Akiulizwa kwa kulini, swali limebadilika: umelitafakari mpaka ukafika mahali? Na huenda jibu likawa, bado, rudi baada ya mvua.

Kwa hiyo kushauriana kwa lugha ya wenyeji kuna gharama ambayo haimo kwenye bajeti ya ukalimani, nayo ni muda. Baada ya swali panakuwa kimya kirefu, na ofisa asiyejua hukijaza kwa swali lingine. Msiba ukitokea, mkutano umekufa, na katika jamii ndogo misiba ni mingi. Jina la marehemu halitajwi, hivyo orodha ya wenye eneo iliyoandikwa mwaka juzi haiwezi kusomwa kwa sauti barazani. Mwanamke hawezi kukalimani habari za mahali pa siri za wanaume, wala mwanamume za wanawake. Na mkalimani ana wakwe. Katika jamii nyingi za huko mwanamume na mama mkwe wake hawasemezani wala hawatazamani, kwa hiyo ukimkodi kijana hodari wa lugha bila kuuliza ukoo wake, unaweza kumweka chumba kimoja na mtu ambaye mila inamkataza kumtamkia neno. Sisi tuliolelewa kwa kuogopa wakwe hatuhitaji kufafanuliwa sana.

Tena kujua lugha ya mahali si kuwa na haki ya kupasemea. Anayepasemea ni mwenyewe.

Yapo pia mambo yanayoifanya hoja yangu isiwe nyepesi. Wakoloni walipofika Australia zilikuwapo lugha zaidi ya 250. Utafiti wa kitaifa wa lugha hizo uliotolewa 2020 ulihesabu 123 zinazotumika kwa namna fulani au zinazofufuliwa, na 12 tu ambazo watoto bado wanajifunza kwa nguvu. Sensa ya 2021 ilipata watu wapatao 77,000 wanaotumia lugha za asili nyumbani. Lugha hizo hazikujifia zenyewe. Watoto walichukuliwa kwa wazazi wao na kupelekwa kwenye vituo na misheni ambako kusema lugha ya mama kulileta adhabu. Kwa hiyo serikali inayosema "hawa wanazungumza Kiingereza, hawahitaji mkalimani" inajinufaisha na kazi ya mikono yake yenyewe. Na Kiingereza hicho, pamoja na Kikrioli cha kaskazini, ni lugha zenye maana zao. Ni lugha hatari zaidi kwa mashauriano, kwa sababu pande zote mbili zinadhani zimeelewana.

Jimbo la Australia Magharibi lenyewe linalijua hilo. Mwaka 2017 mahakama yake ya rufani ilifuta hatia ya kijana wa jangwani, kutoka Kiwirrkurra, aliyekuwa amekiri mahakamani kuua bila kukusudia. Kiingereza chake kilikuwa kidogo na mchakato uliompeleka kwenye kukiri huko alikuwa hauelewi. Alikuwa amekaa ndani karibu miaka mitano.

Baada ya Juukan jimbo liliandika sheria mpya ya urithi. Muswada uliingia bungeni Novemba 2021 na Desemba ukapita, mamia ya vifungu, kwa Kiingereza cha mawakili. Waaborijini watano wenye majina makubwa katika harakati hizo walikuwa wameshapeleka malalamiko kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi wa rangi, wakisema kwamba neno la mwisho bado ni la waziri. Walikuwa sahihi. Sheria ilizungumzia ridhaa yenye taarifa kamili, lakini wenyeji wasipokubaliana na mwekezaji, shauri lilikuwa linapanda kwa waziri. Mkalimani bora duniani hawezi kuitafsiri "hapana" ikabaki hapana mbele ya kifungu kama hicho.

Kilichofuata ni darasa juu ya nani anasikika. Sheria ilianza kazi tarehe 1 Julai 2023. Wakulima na wafugaji wakahofia kwamba kila mwenye kiwanja cha zaidi ya mita za mraba 1,100 atahitaji kibali hata cha kuchimba shimo la nguzo. Ombi la kutaka isogezwe mbele lilipata saini karibu 30,000. Tarehe 8 Agosti, wiki tano tu na siku chache, Waziri Mkuu wa jimbo Roger Cook akatangaza kwamba inafutwa na ile ya 1972 inarudi. Kuiandika kulichukua miaka kadhaa ya mikutano, kuifuta kulichukua kelele za msimu mmoja. Mashirika ya Waaborijini yalilalamika kwamba katika kufuta huko hawakushirikishwa ipasavyo. Na haya yalitokea miezi miwili kabla ya kura ya maoni ya Oktoba 14, ambako Waaustralia takriban asilimia 60 walikataa kuwapa Waaborijini chombo cha kikatiba cha kulishauri bunge.

Kwa haki niseme kwamba sheria ya 1972 haikurudi kama ilivyokuwa. Wenyeji wenye haki za ardhi sasa wanaweza kuomba mapitio ya uamuzi kama mwombaji anavyoweza, na habari mpya zikipatikana lazima waziri ajulishwe. Ni hatua. Ilihitaji mapango mawili kulipuliwa ili ichukuliwe.

Wanaopinga mashauriano kwa lugha za wenyeji huleta hesabu: lugha nyingi, wakalimani wachache, umbali mkubwa. Hesabu hiyo ingekuwa na uzito kama isingeshafanywa jirani. Eneo la Kaskazini lina huduma ya serikali ya wakalimani wa Kiaborijini tangu 2000. Tena sheria ya haki za ardhi ya eneo hilo, ambayo kwa sadfa nzuri ni ya mwaka uleule wa kanuni za Forster, 1976, inalitaka baraza la ardhi, yaani chombo kinachowawakilisha wenyeji, lisiridhie jambo mpaka lijiridhishe kwamba wenye ardhi wa jadi wanaelewa aina na kusudi lake, na kwamba kwa pamoja wamekubali. Wanaelewa, si wametaarifiwa. Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo makala yangu nzima.

Mahakama ya shirikisho nayo imeanza kusogea. Mwaka 2022 Dennis Tipakalippa, mzee wa ukoo wa Munupi wa Visiwa vya Tiwi, alishinda kesi kuhusu mradi wa gesi wa kampuni ya Santos kwa hoja kwamba watu wake hawakushauriwa. Kampuni ilikuwa imetuma baruapepe kwa baraza la ardhi. Jaji alikwenda visiwani kupokea ushahidi, na sehemu yake ilikuwa nyimbo na ngoma. Lakini mwanzoni mwa 2024, katika kesi nyingine ya bomba la mradi huohuo, wenyeji walishindwa, na jaji alikataa kuutegemea uchoraji wa ramani ya utamaduni uliofanywa upande wao, akiona kwamba washiriki walielekezwa kichinichini cha kusema. Wengi walioshangilia kesi ya kwanza waliinyamazia ya pili. Mimi naiona ni ushahidi wangu pia. Anayewapenda wenyeji anaweza kuwatia maneno kinywani kama anavyoweza anayetaka gesi yao, na dawa ni ileile: waeleze wenyewe, kwa lugha yao, bila mtu wa kuwatangulia kwa sentensi.

Tusijifanye watazamaji. Mwaka 2010 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kesi ya Waendorois, walioondolewa kando ya Ziwa Bogoria nchini Kenya miaka ya 1970. Tume iliona kwamba serikali iliwapelekea jambo lililokwisha kuamuliwa, na ikazingatia kwamba waliowakilisha jamii hawakujua kusoma na kwamba walikuwa na maana tofauti kabisa ya umiliki wa ardhi. Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili, linalozitaka nchi kuhakikisha watu hao wanaelewa na kueleweka katika shughuli za kisheria na kiutawala, ikibidi kwa ukalimani, lilipopigiwa kura 2007, Australia ilikataa, Kenya na Burundi zikajizuia kupiga, Tanzania ikaunga mkono. Australia ilibadili msimamo 2009.

Na Tanzania hiyohiyo, mwaka 2021, ilipitisha Kiswahili kuwa lugha ya sheria. Nilishangilia, na bado nashangilia. Ila nikiwaza mzee wa Kimasai huko Ngorongoro, au Mhadzabe wa bonde la Yaeda anayesomewa mpango wa matumizi ya ardhi kwa Kiswahili safi cha ofisini, naona kwamba pale mezani lugha yetu tamu inakaa kwenye kiti kilekile ambacho Kiingereza kinakalia Kimberley. Sisi ndio wenye makabrasha.

Nimalizie kwa kurudi nyuma ya Forster. Mwaka 1963 Wayolngu wa Yirrkala, kaskazini kabisa mwa Australia, walisikia kwamba kipande cha ardhi yao kimetengwa kwa ajili ya mgodi wa boksiti. Waliandika ombi kwa bunge la Canberra, kwa lugha yao na kwa Kiingereza, wakalibandika kwenye magome ya mti yaliyochorwa pembeni alama za koo zao. Waziri aliyehusika akatilia shaka kama waliosaini wanaiwakilisha jamii, hivyo ukapelekwa waraka mwingine wenye alama za dole gumba za wazee. Kamati ya bunge iliundwa, ikaenda, ikapendekeza fidia na ulinzi wa mahali patakatifu, na mgodi ukachimbwa.

Magome hayo yamewekwa bungeni Canberra mpaka leo. Ombi la kwanza lililoandikwa juu yake ni kwamba bunge liteue kamati, kamati hiyo ije na wakalimani mahiri, iwasikilize watu wa Yirrkala kabla ya kuruhusu ardhi ikatwe.